Uzi wa Sita

Nimeushusha uzi wa sita
kutoka mi hadi re, taratibu,
kama mtu anayeshusha gunia begani
akijua chini pana mtoto amelala.
Sleyum ananiambia: shusha tena, yakhe,
bado jepesi hilo, bado lina adabu za harusini.

Tuko Wete, nyuma ya duka la kuchaji simu,
chumba cha bati, joto la tanuri la boflo.
Spika tumeiunda kwa kabati la bibi yake Raya,
mlango mmoja umeliwa na mchwa.
Ngoma mbili tumeazima skuli,
ya tatu ni pipa la rangi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipoanguka mkarafuu.
Watu husema tawi hulia kwanza.
Lile lilinyamaza, likaniachia,
na mkono wa kushoto ukafika chini kabla yangu.
Tangu siku ile vidole viwili havikunjiki,
cha pete na cha mwisho,
vimesimama kama wageni wasioambiwa waketi.

Nilikwenda klabuni nijifunze udi.
Mwalimu Mbarouk aliushika mkono wangu,
akaugeuza kama anayekagua samaki,
akasema kwa upole (upole ndio uliouma):
"Mwanangu, tutakupa cherewa."

Hakuna aliyeniambia kwamba nyuzi nazo zinaweza kukujia.
Kwamba mi, la, re, sol, si, mi
haukuwa mpango ulioshuka kutoka mbinguni.
Ulegeze uzi wa sita hatua moja nzima,
nyuzi tatu nene husimama safu moja,
na kidole kimoja,
kimoja tu,
kikilala juu yake
hutoka kitu kinachosukuma ukuta.

Tukashuka tena. Zote sita. Hadi do.
Hapo uzi ukalegea kama kamba ya kuanikia,
ukavuma kama nzi ndani ya kopo.
Raya alicheka mpaka kijiti kikamponyoka.
Nyuzi nene hazipatikani hapa, hata Chake.
Fundi Khatoro wa baiskeli akanipa waya wa breki,
hakuuliza wa nini,
akaupaka grisi kwa mazoea,
nikaufuta kwa shati.

Nilidhani uzito ni kukaza:
kukaza meno, kukaza fundo,
kuvuta kamba hadi ikatikie pale pabovu.
Kumbe mwengine huja ukilegeza,
ukauacha uzi uteremke ulikotaka kwenda,
nao ukakupiga kifuani
sikio likiwa bado linauliza hodi.

Baba hupima karafuu kituoni.
Hutia mkono guniani, hutaja kilo,
kisha ndiyo mizani nayo iseme.
Jana alasiri alisimama mlangoni kwetu,
vumbi la makonyo kwenye nyusi.
Tukasita. Raya akaficha vijiti nyuma ya mgongo
kana kwamba pipa lilikuwa likijipiga lenyewe.
"Endeleeni," akasema.

Nikakilaza kidole. Nikapiga mara moja.
Misumari ya bati ikatetema,
glasi ya chai ikatembea mezani,
ikaenda, ikaenda, Sleyum akaidaka.
Baba akaingia, akaweka kiganja juu ya kabati
kama anavyokiweka juu ya gunia,
akafumba macho, midomo ikihesabu.

Hakutaja kilo.
Alivitazama vidole vyangu viwili vilivyosimama.
Mkarafuu ule ni yeye aliyenituma nipande,
hatujapata kulizungumza hilo,
wala jana hatukulizungumza.
Aliuacha mkono pale pale, juu ya mbao,
mpaka mvumo wote ulipokwisha,
akauliza:
"Na chini ya hapa, pana nini?"

Sleyum alikuwa ameshaushika ufunguo.